Kukataa vita kabisa, vita vya haki au amani ya haki: Mkristo aupinge umilitari kwa njia ipi?

Kuna methali isemayo amani haiji ila kwa ncha ya upanga, na wapo wahubiri wanaoinukuu kana kwamba imo katika Agano Jipya. Haimo. Kilichomo ni neno la Yesu kwa Petro bustanini: "Rudisha upanga wako mahali pake, maana wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga" (Mathayo 26:52). Hata hivyo, kulijua andiko hilo hakumalizi kazi. Wakristo wanaokubaliana kwamba jamii imezidi kuziabudu silaha hutofautiana sana kuhusu namna ya kulipinga jambo hilo. Hapa ninaziweka njia tatu kuu ubavu kwa ubavu, ili baraza la wazee, kikundi cha vijana, au mzazi mwenye mtoto aliyefikia umri wa kuitwa jeshini ajue hasa anachagua nini.

Kwanza tuelewane tunapinga nini. Kuwa na jeshi si umilitari, kama vile kuwa na polisi si udikteta. Umilitari huanza pale jamii inapoacha kuuliza maswali kuhusu silaha. Bajeti ya ulinzi hupita bila mjadala huku ya dawa ikikatwakatwa. Mtoto husoma historia ya taifa lake kwa majina ya majenerali na tarehe za mapigano. Ukizuka mgogoro wa mpaka au wa ardhi, wanaoitwa kwanza ni wenye bunduki, na anayependekeza mazungumzo huonekana mwoga au kibaraka. Kanisani nako, sala ya kuwaombea askari wetu husemwa kila wiki na ya kuwaombea maadui haisikiki, ingawa Yesu aliiamuru ile ya pili na hakusema lolote juu ya ile ya kwanza.

Kwa hesabu za SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, mwaka 2024 dunia ilitumia dola za Marekani trilioni 2.7 kwa majeshi, ongezeko la asilimia 9.4 katika mwaka mmoja. Mtu aliyeonya mapema kuhusu ndoa ya jeshi na viwanda vya silaha hakuwa mchungaji. Alikuwa jenerali, Dwight Eisenhower, alipokuwa akiaga urais wa Marekani tarehe 17 Januari 1961. Nabii Samweli alikwisha kusema karibu yaleyale: mfalme mnayemtaka atawachukua wana wenu wakimbie mbele ya magari yake, wengine atawaweka wamtengenezee zana za vita, na nafaka yenu ataitoza sehemu ya kumi (1 Samweli 8:11-17). Watu walimsikia vizuri, wakajibu kwamba wanamtaka vivyo hivyo, wawe kama mataifa mengine.

Kwa kawaida njia hizi tatu hupimwa kwa swali moja: adui akivamia utafanya nini? Ni swali halali, nami nitalifikia, lakini kwa mada hii ni kipimo kibovu. Umilitari haujengwi siku ya uvamizi. Hujengwa wakati wa amani: darasani, kwenye gwaride, mimbarani, katika mikataba ya ununuzi. Kwa hiyo kila njia ninaiuliza hivi: inakudai nini siku ambayo hakuna vita?

Kukataa vita kabisa

Hii ndiyo njia kongwe. Karibu na mwaka 200, mwandishi Mkristo Tertullian wa Karthago aliandika kwamba Bwana alipomnyang'anya Petro upanga alimvua kila askari mkanda wake. Mwaka 295, huko Theveste, katika Algeria ya leo, kijana wa miaka 21 aitwaye Maximilian aliletwa mbele ya liwali apimwe urefu na kuandikishwa jeshini. Akasema hawezi kutumika, yeye ni Mkristo. Liwali akamkumbusha kwamba hata katika kikosi cha watawala wakuu wamo askari Wakristo. Wao wanajua linalowafaa, akajibu, na kwa jibu hilo akakatwa kichwa. Mazungumzo hayo mafupi yanaonyesha kwamba mgawanyiko tunaoujadili ulikuwemo kanisani hata kabla kaisari Konstantino hajatawala. Kufikia mwaka 416 mambo yalikuwa yamepinduka: amri ya kaisari Theodosius II iliwafungia wapagani mlango wa jeshi, utumishi huo ukabaki kwa Wakristo.

Baadaye njia hii iliwekwa hai na makundi madogo. Waanabaptisti, Wakristo wa Ulaya waliobatiza watu wazima tu, waliiandika katika ungamo lao la Schleitheim la mwaka 1527, na kutoka kwao wakatokea Wamennonite. Marafiki, wajulikanao kama Quakers, walimtangazia mfalme Charles II wa Uingereza mwaka 1661 kwamba hawatashika silaha za kimwili kwa sababu yoyote ile.

Kwa kipimo changu, njia hii inadai mengi sana wakati wa amani. Anayeishika kwa dhati hawezi kufanya kazi katika kiwanda cha risasi kwa kisingizio kwamba yeye ni mhasibu tu. Ataangalia akiba yake ya uzeeni imewekezwa wapi. Atakuwa na la kusema mtoto wake akiletewa mafunzo ya kijeshi shuleni. Hana siku ya mapumziko, na hapo ndipo penye nguvu yake: jamii haiwezi kumshtukiza kwa vita vipya, kwa kuwa jibu lake halisubiri kujua adui ni nani.

Faida moja ambayo wengi huisahau ni ya kisheria. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 1993 kwamba haki ya kukataa jeshi kwa sababu ya dhamiri inatokana na uhuru wa mawazo, dhamiri na dini. Mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua vivyo hivyo katika kesi ya Bayatyan dhidi ya Armenia. Ulinzi huo haufiki kila mahali. Nchini Eritrea, Mashahidi wa Yehova watatu waliokataa jeshi walifungwa Septemba 1994 bila kufikishwa mahakamani, wakaachiliwa Desemba 2020. Lakini pale sheria inapomlinda mkataa jeshi, mara nyingi humlinda huyu anayekataa vita vyote.

Kasoro? Ile ya uwoga isemwayo kila mara siioni kuwa nzito. Mchungaji André Trocmé wa Le Chambon-sur-Lignon nchini Ufaransa alikataa vita vyote, na chini ya utawala wa Wanazi kijiji chake na vijiji jirani vikaficha maelfu ya wakimbizi, wengi wao Wayahudi. Huo si uwoga. Kasoro yenyewe ni kujitenga. Kundi linaweza kuridhika kwamba mikono yake ni safi, likaiachia dunia iliyobaki ifanye itakavyo. Usafi huo nao unaweza kuficha mabaya ya ndani. Mwanateolojia maarufu kuliko wote wa njia hii katika karne ya 20, John Howard Yoder, aliwadhulumu wanawake wengi kingono kwa miaka mingi, na taasisi za kanisa lake zilichelewa mno kuwasikiliza. Anayechagua njia hii aanze na nyumba yake: ubabe ni uleule, uwe na sare au usiwe nayo.

Vita vya haki

Hii ndiyo njia ambayo makanisa mengi makubwa huifundisha, ingawa waumini wao wengi hawajawahi kufundishwa. Mizizi yake iko kwa Augustino wa Hippo (354-430), na Thoma wa Akwino aliipanga katika karne ya 13 kwa masharti matatu: vita viamriwe na mwenye mamlaka halali, sababu iwe ya haki, na nia iwe njema. Baadaye yakaongezwa mengine: viwe njia ya mwisho baada ya nyingine zote kushindwa, madhara yasizidi mema yanayotafutwa, pawepo tumaini la kufaulu, na raia wasilengwe kamwe.

Watu hudhani njia hii ni ruhusa. Ilikusudiwa kuwa breki. Augustino mwenyewe aliandika kwamba ubaya halisi wa vita si kifo cha watu ambao siku moja wangekufa tu, bali ni kupenda kudhuru, ukatili wa kulipiza kisasi na tamaa ya kutawala. Soma orodha hiyo tena: ni maelezo ya umilitari, yaliyoandikwa miaka 1,600 iliyopita.

Breki hii imewahi kukanyagwa na ikashika. Tarehe 9 Februari 1944 askofu George Bell wa Chichester alisimama katika bunge la mabwana la Uingereza, nchi yake ikiwa vitani na Hitler, akahoji ni haki gani inayoruhusu kuteketeza miji mizima ya Ujerumani pamoja na raia wake. Hakuwa mpinga vita vyote. Aliunga mkono vita dhidi ya Wanazi, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumpuuza kwa kumwita mwotaji. Upande wa pili wa vita hivyohivyo, mkulima wa Austria aitwaye Franz Jägerstätter alikataa kupigana chini ya Hitler. Hoja yake haikuwa kwamba vita vyote ni dhambi. Alisema vita hivi si vya haki. Askofu wake alimweleza kwamba kupima mambo hayo si kazi ya mkulima mwenye watoto. Alikatwa kichwa tarehe 9 Agosti 1943, na mwaka 2007 Kanisa Katoliki likamtangaza mwenye heri.

Hapo pana fumbo linaloniuma kuhusu njia hii. Mkulima aliyesoma kidogo alivitumia vigezo vya kanisa lake, na viongozi waliovifundisha hawakuvitumia. Oktoba 1914 wasomi 93 wa Ujerumani, miongoni mwao mwanateolojia Adolf von Harnack, walitia sahihi tamko la kuitetea nchi yao vitani. Mwanateolojia Karl Barth, aliyekuwa mwanafunzi wake, alishtuka kuyakuta majina ya walimu wake humo, na mshtuko huo ulimbadilisha teolojia yake. Uingereza nako mimbari zilikuwa zikihubiri kwamba vita ni vya haki, kwa vigezo vilevile. Vigezo ambavyo kila upande huvitumia kujihesabia haki havijamzuia mtu.

Kwa kipimo changu basi, njia hii haikudai kitu wakati wa amani, isipokuwa uichukulie kwa uzito ambao wachache huuchukua. Husubiri vita viwe mlangoni ndipo ifungue daftari lake, na wakati huo redio imekwisha kuwapandisha watu hasira na kila jibu lisilo "ndiyo" ni usaliti. Sharti la "njia ya mwisho" lina maana kwa yule tu aliyezijaribu zile za kwanza, na za kwanza zinahitaji miaka. Taifa lililotumia fedha zote kwa vifaru na kuacha wanadiplomasia wachache haliwezi kusema kwa uaminifu kwamba lilifika njia ya mwisho. Lilianza nayo.

Upo pia ugumu wa kisheria ambao vijana hawaambiwi. Mwaka 1971, katika kesi ya Gillette, mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba sheria inamwachilia mtu anayepinga vita vyote na si yule anayepinga vita fulani. Yaani Mkristo anayefuata mafundisho ya kanisa lake neno kwa neno, akapima vita vya Vietnam na kuviona si vya haki, hakuwa na pa kusimama. Wengi hawaoni ajabu hiyo mpaka barua ya kuitwa ifike.

Nao wakubwa wa mapokeo haya wamezidi kuyatilia shaka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965 ulilaani uteketezaji wa miji mizima kuwa kosa dhidi ya Mungu na mwanadamu. Mwaka 2020 Papa Fransisko aliandika katika waraka wake Fratelli Tutti kwamba leo ni vigumu sana kuvitumia vigezo vya karne zilizopita kuzungumzia uwezekano wa vita vya haki.

Amani ya haki

Njia ya tatu ndiyo changa kwa jina. Inasema: acheni kubishana vita vianze lini, jifunzeni kinachovizuia. Mwanaetiki Glen Stassen na wenzake waliieleza kwa matendo kumi, kama kupinga dhuluma bila mabavu, kuanza wewe hatua za kupunguza vitisho, kukiri makosa ya taifa lako mbele ya waliokosewa, na kupunguza biashara ya silaha. Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ambalo lilipozaliwa Amsterdam mwaka 1948 lilisema vita ni kinyume cha mapenzi ya Mungu, liliifanya kuwa wito wake katika mkutano wa Kingston, Jamaica, mwaka 2011.

Hapa wakati wa amani ndio wakati wenyewe wa kazi, na mifano yake si ya kubahatisha. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza harakati 323 za miaka 1900 hadi 2006: zisizotumia mabavu zilifaulu kwa asilimia 53, zilizotumia silaha kwa asilimia 26. Namba hizo hazithibitishi Injili, wala Injili haizihitaji. Zinachofanya ni kuwanyima wenye silaha lile neno lao wanalolipenda, kwamba wao ndio wenye kuijua dunia ilivyo.

Chukua Msumbiji. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992, jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio ikiwa miongoni mwa wapatanishi. Vita vikaisha, bunduki zikabaki zimefukiwa mashambani na kufichwa majumbani. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likichochewa na askofu Mwanglikana Dinis Sengulane, lilianza kupokea silaha na kutoa cherehani, baiskeli na majembe. Isaya 2:4 ikawa kazi ya ghalani yenye daftari la mapokezi. Vyuma vilivyokatwakatwa wakapewa wasanii. Mmoja wao, Kester, aliunda kiti cha enzi kwa vipande vya bunduki mwaka 2001, na sasa kiko British Museum jijini London. Binafsi navutiwa zaidi na cherehani. Anayeacha bunduki bila kupata riziki nyingine ataitafuta bunduki tena, na huo ni uchumi ambao mahubiri mengi ya amani huuruka.

Au chukua Liberia mwaka 2003, pale wanawake Wakristo na Waislamu, Leymah Gbowee akiwa mmoja wa viongozi wao, walivaa nyeupe na kuketi karibu na soko la samaki la Monrovia siku baada ya siku, kisha wengine wakawafuata wakubwa wa vita hadi kwenye mazungumzo Accra na kuwazibia njia ya kutoka ukumbini. Mkataba ulisainiwa tarehe 18 Agosti.

Ujerumani Mashariki nako, vijana wa kanisa walishona kwenye makoti kitambaa chenye picha ya mtu akifua upanga kuwa jembe. Serikali ikawavua. Kichekesho ni kwamba picha hiyo ilitokana na sanamu ambayo Muungano wa Kisovieti wenyewe uliizawadia Umoja wa Mataifa mwaka 1959. Dola liliogopa zawadi ya rafiki yake mkubwa. Maombi ya amani ya kila Jumatatu katika kanisa la Nikolai, Leipzig, yaliendelea miaka hiyo yote, wakati mwingine kwa watu wachache. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 walitoka barabarani, na vyombo vya dola havikufyatua risasi.

Kasoro yake ni kugeuka shughuli za ofisini. Amani ya haki ina semina, ina wafadhili, ina ripoti, na baadhi ya fedha hutoka kwa serikali zilezile zinazouza silaha. Warsha ya siku tatu ya "utatuzi wa migogoro" haimuudhi mtu, na kisichomuudhi mtu hakijaugusa umilitari. Pia haina jibu moja kwa yule kijana anayeuliza: nimeitwa, niende au nisiende? Itamwambia dunia ingepaswa kufanya nini miaka kumi iliyopita.

Msomaji atauliza kwa nini sijampa safu yake mwanateolojia wa Marekani Reinhold Niebuhr na wenzake, waliosema dhambi ya binadamu inalazimisha nguvu zizuie nguvu. Ni kwa sababu hoja hiyo humweleza mtu kwa nini vita havikwepeki na humwachia vigezo vichache vya kuvikataa. Ni onyo zuri kwa wenye ndoto rahisi. Kama njia ya kuupinga umilitari, haifiki mbali.

Kwa ufupi, zikiwa pamoja

| | Kukataa vita kabisa | Vita vya haki | Amani ya haki |
|---|---|---|---|
| Andiko linaloshikwa | Mathayo 5:38-48 | Warumi 13:1-4 | Isaya 2:4. Mathayo 5:9 |
| Inadai nini wakati wa amani | Maisha yote | Kidogo, isipokuwa ukiamua | Kazi ya miaka |
| Jibu kwa aliyeitwa jeshini | Usiende | Pima vita hivi | Halitoi lenyewe |
| Sauti yake bungeni | Hupuuzwa kirahisi | Husikilizwa | Husikilizwa ikiwa na watu nyuma yake |
| Hatari yake | Kujitenga | Kubariki kila vita | Kuwa semina |

Jedwali linaficha kwamba Warumi 13 inafuata Warumi 12. Kabla Paulo hajasema mwenye mamlaka habebi upanga bure, amekwisha kuwaambia wasomaji wake wasijilipizie kisasi na adui akiwa na njaa wamlishe. Anayeanza kusoma sura ya 13 kwa haraka, kundi lolote analotoka, hajamsoma Paulo.

Na mauaji ya halaiki?

Hapa kila njia hutokwa jasho. Rwanda, mwaka 1994, watu walikimbilia makanisani na kuuawa humo. Ntarama na Nyamata leo ni kumbukumbu. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiendelea, Baraza la Usalama lilipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa hadi watu 270. Anayekataa nguvu zote za silaha inabidi aitazame tarehe hiyo bila kupepesa. Mimi nashindwa kusema kwamba askari wa kuwalinda waliokuwa ndani ya makanisa yale wangekuwa dhambi, na kwa hiyo sijioni kuwa mpinga vita kamili.

Lakini ukiishia Aprili umeisoma nusu. Mashine ile ya kuua iliundwa mapema: vijana walipangwa kuwa wanamgambo, redio ikafundisha chuki, silaha zikaingizwa. Askofu mkuu wa Kigali alikuwa amekaa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala. Kanisa lililokaa meza moja na wenye dola halikuwa na sauti ilipohitajika, na kosa hilo lilitendeka wakati uliokuwa ukiitwa wa amani.

Nani achague ipi

Kijana aliyepata barua ya kuitwa ajiulize kwa ukweli kama anapinga vita vyote au vita hivi. Majibu hayo mawili yana sheria tofauti na gharama tofauti, na asijifanye wa kwanza kwa kuwa fomu ni rahisi. Wanaohoji watamgundua, na zaidi ya hapo ni uongo uleule alioukimbia. Kama ni vita hivi tu, atafute mwanasheria kabla ya kutafuta mchungaji. Mchungaji naye asimwachie kazi ya kuteseka peke yake: mwenye kukataa ana familia inayokula.

Askari aliyekwisha kuwa kazini mara nyingi husahaulika na pande zote. Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari wavue sare. Aliwaambia: "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu" (Luka 3:14). Wapo wanaolitumia andiko hilo kubariki jeshi zima, lakini hebu fikiria jeshi lolote lililolitii kwa mwaka mmoja. Kwa mtu huyu vigezo vya vita vya haki ndivyo chombo bora, kwa kuwa ndivyo vinavyomwezesha kuikataa amri moja. Mfano ni Oscar Romero, askofu mkuu wa San Salvador. Mahubiri yake ya tarehe 23 Machi 1980 hayakuwa hotuba ya jumla juu ya amani. Aliwaambia askari wa El Salvador kwamba amri ya kuua haiwafungi mbele ya sheria ya Mungu. Kesho yake aliuawa madhabahuni. Kasisi wa jeshi asiyeweza kulisema hilo kambini, hata faraghani, ajiulize analipwa na nani.

Usharika wa kawaida, usioandamwa na barua ya kuitwa wala vita mpakani, ushike amani ya haki, na uanzie ndani ya ibada yake, palipo na mamlaka ambayo hakuna serikali iliyokupa. Angalia nyimbo na mahubiri yenu yanamtumiaje Paulo wa Waefeso 6. Silaha zote anazozitaja pale amezigeuza, na viatu vyenyewe ni utayari wa Injili ya amani. Kwaya inayoimba vita vya kiroho kwa sare na hatua za gwaride imeirudisha picha kule alikoitoa Paulo. Angalieni siku ya mashujaa mnawakumbuka nani: je, waliokufa upande wa pili wana sala? Kisha mtoke nje. Mchukue bajeti ya taifa, msome fungu la ulinzi mbele ya waumini kama msomavyo taarifa ya fedha ya usharika. Mwulize mbunge maswali, mtaani mkae na wenye ugomvi kabla haujapata bunduki. Kazi hii haina mvuto wa picha, na vikundi vingi huiacha mwaka wa pili.

Kuhusu kodi, sina mengi. Kuzuia sehemu ya kodi iendayo kwa jeshi ni ushuhuda wa mtu mmoja mmoja aliye tayari kwa faini, na sishauri usharika uanzie hapo.

Usharika uliogawanyika usisubiri kukubaliana. Agosti 1974, huko Hammanskraal, Baraza la Makanisa la Afrika Kusini lilipitisha azimio lililoungwa mkono na mchungaji Beyers Naudé, likiyataka makanisa wanachama yafikirie kama waumini wao wasikatae kulitumikia jeshi la ubaguzi wa rangi. Wengi wa waliopiga kura hawakuwa wapinga vita. Walitumia hoja ya vita vya haki: jamii inayotetewa ni dhalimu, basi kuitetea kwa silaha hakuna haki. Bunge likajibu mwaka uleule kwa sheria ya kumwadhibu anayemshawishi mtu kukataa jeshi. Wapo Wakristo waliokataa, wakafungwa. Mwaka 1983 sheria ikawatambua wanaopinga vita vyote kwa sababu za dini peke yao. Waliosema "si vita hivi" wakabakiziwa gereza, na mwaka huohuo ikaanzishwa kampeni ya kukomesha uandikishaji wa lazima, iliyowakusanya wa kila msimamo hadi serikali ikaipiga marufuku mwaka 1988. Mle ndani walikuwamo waliokataa kila upanga, waliokataa upanga huu, na wasiokuwa na hakika bado ila walijua kwamba mtoto wao hataenda.